Ramani ya Inchi Yetu: Namna ya Kuisoma na Kuichora

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 18, tunasoma kwamba makabila saba ya Israeli walikuwa hawajapata bado sehemu yao ya inchi. Yoshua hakugawanya inchi akiwa ameketi ndani ya hema. Aliomba watu watatu katika kila kabila, akawatuma watembee katika inchi ile na kuiandika katika kitabu, muji kwa muji. Waliporudi na maandiko yao, ndipo kura zilipopigwa.

Mapadri, waseminari na makatekista wa inchi ya Butembo na ya Beni wanatembea sana, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki. Wanajua vijia ambavyo watu wa ofisi hawavijui. Lakini wengi kati yetu, tukiwekewa ramani (ao karata, kama wengi wanavyosema) mbele ya macho, tunatafuta jina la kwetu tu, kisha tunaikunja. Kwa hiyo tunapenda kueleza hapa mambo ya kwanza ya geografia na ya ramani, tukichukua mifano katika inchi yetu wenyewe. Tutaona kwamba njia ya Yoshua ingali njia nzuri: ramani inasema kweli kadiri aliyeichora alivyotembea, na kadiri alivyouliza watu wa pale.

I. Geografia ni nini?

Jina hili limetoka katika Kigriki: gê ni dunia, graphein ni kuandika. Geografia ni elimu inayoandika sura ya dunia. Lakini haitoshi kukariri majina ya mito na ya miji. Geografia inauliza maswali matatu: Kitu hiki kiko wapi? Kwa sababu gani kiko pale? Kinaunganika namna gani na vitu vingine?

Tuchukue mufano. Beni iko karibu metre 1200 juu ya usawa wa bahari. Butembo iko juu zaidi, karibu metre 1750. Kila tunapopanda metre 1000, joto linapunguka karibu degre 6. Ndiyo sababu upande wa Beni kakao na ngazi zinasitawi vizuri, na katika milima ya Lubero watu wanalima viazi vya Kizungu na ngano. Basi motokari moja inashusha viazi, ingine inapandisha mafuta ya mawese. Soko, barabara, chakula cha watu na hata koti la katekista asubuhi, vyote vinafuata kimo cha inchi. Mwenye kuelewa hivi ameanza kusoma geografia.

II. Ramani si picha

Ramani ni sura ya inchi inayotazamwa kutoka juu, iliyofanywa kuwa ndogo, na kuandikwa kwa alama. Picha inayopigwa kutoka angani inaonyesha kila kitu, lakini haielezi kitu. Inaonyesha bati la nyumba. Haisemi kama chini ya bati lile ni kapela, shule ao duka. Ramani inachagua na inataja majina. Ile ya waganga inaonyesha nyumba za matunzo na kuacha makapela. Ile ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, inaonyesha mipaka ya hifadhi na kuacha mashamba ya watu walio kandokando. Kuchagua si kusema uwongo. Lakini musomaji anapashwa kuuliza kila mara: Nani aliichora? Kwa kazi gani? Katika mwaka gani?

Majina yenyewe yanaweza kutusaidia kujua umri wa ramani. Ikiita Kanisa la kwetu Vikariati ya Beni, ni ya kati ya mwaka 1938 na 1959. Ikiandika Jimbo la Beni, ni ya mbele ya mwaka 1967, maana katika mwaka ule jina liligeuka kuwa Butembo-Beni. Ikiandika Zaïre, ni ya kati ya mwaka 1971 na 1997. Na ziwa Edward likiitwa kwa jina la Idi Amin, tunajua kwamba ilitengenezwa kisha mwaka 1973.

Kuna shida ingine: dunia ni mviringo, na karatasi ni bapa. Jaribu kutandika ganda la chungwa juu ya meza. Litapasuka, ao utalivuta kwa nguvu. Wachora ramani wote wana taabu hii. Gerardus Mercator, aliyezaliwa mwaka 1512 huko Rupelmonde katika inchi inayoitwa leo Ubelgiji, alitoa mwaka 1569 ramani ya dunia kwa ajili ya wasafiri wa bahari. Iliwafaa sana, kwa sababu inalinda vizuri pande za safari. Lakini inapanua kupita kiasi inchi zilizo mbali na Ekwateri, ule mustari unaogawanya dunia katika nusu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Kwa hiyo katika ramani ya namna ile Greenland inaonekana kubwa karibu sawa na Afrika nzima. Kumbe Congo yetu, yenye kilometre za mraba karibu 2 345 000, inapita Greenland kidogo kwa ukubwa. Watoto wengi wa shule wametazama ramani ile ukutani wakafikiri kwamba inchi yao ni ndogo. Macho yao hayakukosa. Walikosa mutu wa kuwaeleza.

III. Kipimo

Chini ya ramani nzuri tunaona maandiko kama 1/100 000. Ndicho kipimo. Maana yake: santimetre 1 katika karatasi ni santimetre 100 000 katika inchi, ni kusema kilometre 1. Kwa kipimo cha 1/50 000, santimetre 1 ni nusu ya kilometre. Kwa 1/1 000 000, santimetre 1 ni kilometre 10.

Kutoka Butembo mpaka Beni, kama ndege anavyoruka, kuna karibu kilometre 45. Basi katika ramani ya 1/50 000 tutapata santimetre 90. Katika ile ya 1/100 000 santimetre 45. Katika ile ya 1/1 000 000 santimetre 4 na nusu tu. Wengi wanachanganya jambo hili: wanaona namba kubwa wakafikiri kipimo ni kikubwa. Tukumbuke mukate. Sehemu moja ya mukate uliokatwa mara mbili inapita sehemu moja ya mukate uliokatwa mara mia.

Lakini sisi si ndege. Barabara ya Butembo mpaka Beni ina kilometre karibu 54, kwa maana inazunguka vilima na kutafuta pahali pa kuvuka mito. Na karatasi haisemi kitu juu ya matope ya wakati wa mvua. Ndiyo sababu katekista akichora njia za parokia yake, inafaa aandike kando ya kilometre vilevile saa za safari: saa ngapi kwa miguu wakati wa kiangazi, saa ngapi wakati wa mvua.

IV. Pande nne za dunia

Tunasema kwamba jua linatoka mashariki. Ni kweli kamili mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 21 ya mwezi wa tatu na tarehe 23 ya mwezi wa kenda. Katika mwezi wa sita linatokea upande wa kaskazini kidogo. Katika mwezi wa kumi na mbili, upande wa kusini kidogo. Sisi tulio karibu sana na Ekwateri tunaweza kuona jambo ambalo watu wa Ulaya hawalioni kwao. Simika fimbo wima katika uwanja. Saa sita ya muchana katika mwezi wa sita kivuli chake kinaanguka upande wa kusini. Katika mwezi wa kumi na mbili kinaanguka upande wa kaskazini. Na katika zile tarehe mbili tulizotaja, kivuli karibu hakionekani, kwa sababu jua liko juu ya kichwa.

Fimbo ile ile inatosha kwa kujua pande nne pasipo busola. Asubuhi tia kijiwe pale ncha ya kivuli inapofika. Ngoja saa moja ao mbili, tia kijiwe cha pili. Kijiwe cha kwanza ni mangaribi, cha pili ni mashariki. Simama, cha kwanza kiwe upande wa kushoto na cha pili upande wa kuume: unatazama kaskazini.

Leo ramani karibu zote zinaweka kaskazini juu. Ni desturi tu. Wakristu wa zamani waliweka mashariki juu. Ramani ya Hereford katika Uingereza, ya karibu mwaka 1300, ina mashariki juu na Yerusalemu katikati. Kwa Kilatini mashariki ni oriens, na Wafaransa wanasema orienter, maana yake kujua umeelekea wapi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya musomaji ni kugeuza karatasi mpaka kaskazini yake ielekee kaskazini ya kweli. Asiyefanya hivi anaweza kushika njia ya Lubero akitafuta Beni.

V. Pahali kamili

Mutu akituuliza, Butembo iko wapi, tunaweza kujibu: kusini ya Beni. Lakini asiyejua Beni hajapata jibu. Ndiyo sababu wenye elimu wamezungusha dunia kwa mistari. Mistari ya latitudo inahesabiwa kutoka Ekwateri, kwenda kaskazini ao kusini. Mistari ya lonjitudo inahesabiwa kutoka Greenwich, karibu ya London, kwenda mashariki ao mangaribi. Mukutano wa Washington wa mwaka 1884 ndio uliochagua Greenwich. Kila degre inagawanywa katika minuti 60. Degre moja ya latitudo ni karibu kilometre 111, na minuti moja ni karibu kilometre 1,85.

Sasa tuhesabu. Butembo iko karibu minuti 8 kaskazini ya Ekwateri. 8 mara 1,85 ni karibu kilometre 15. Beni iko minuti 29 kaskazini, ni kusema karibu kilometre 54. Lubero iko karibu minuti 9 kusini. Basi mutu akitoka Butembo kwenda Lubero anavuka Ekwateri njiani, na jimbo moja lina Wakristu katika nusu mbili za dunia.

Lonjitudo inatueleza saa. Dunia inazunguka degre 360 katika saa 24, basi degre 15 kwa saa moja. Kinshasa iko karibu na degre 15 mashariki, kwa hiyo inatangulia Greenwich kwa saa moja. Butembo iko katika degre 29 na minuti 17: inatangulia Greenwich karibu kwa saa mbili. Ndiyo sababu redio ya Kinshasa ikitangaza saa kumi na mbili, kwetu ni saa moja. Jua ndilo linalotufikia mbele, serikali imelifuata.

VI. Kimo

Tutazame tena karatasi. Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilometre 45 kwa mustari ulionyoka. Kutoka Beni mpaka Margherita, kilele cha mulima Ruwenzori, vilevile ni karibu kilometre 45. Kwa karatasi pasipo alama za kimo, safari hizi mbili ni sawa. Lakini ya kwanza ni safari ya barabara. Ya pili inashuka katika bonde la Semliki, kisha inapanda mpaka metre 5109, katika mawe na barafu. Ni mulima wa tatu kwa urefu katika Afrika, kisha Kilimanjaro na Kenya.

Kwa hiyo wachora ramani wanatumia mistari ya kimo. Kwa kuielewa, weka jiwe lenye umbo la kilima ndani ya beseni. Mimina maji kimo cha kidole kimoja, chora mustari juu ya jiwe pale maji yanapofika. Ongeza kidole kingine, chora tena, mpaka jiwe lifunikwe. Ukiondoa maji na kutazama kutoka juu, utaona mistari inayozungukana. Pale inapokaribiana, mutelemko ni mukali. Pale inapoachana, inchi ni tambarare. Kwa njia hiyo mutu anaweza kujua, akiwa bado nyumbani, pahali atakaposhuka kwenye pikipiki na kuisukuma.

Kimo kinaeleza vilevile njia ya maji. Ziwa Edward liko karibu metre 912, ziwa Albert karibu metre 620. Basi Semliki unatoka la kwanza na kushukia la pili, ukipokea njiani maji ya Ruwenzori, na mwisho maji yale yanaingia katika Nili. Ptolemayo wa Alexandria, katika karne ya pili, aliandika kwamba Nili unatoka katika maziwa yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Yeye hakufika huku. Alisikia habari za wasafiri. Wengi wanafikiri kwamba habari ile ilikuwa ya Ruwenzori. Stanley aliuona mulima mwaka 1888, na mwaka 1906 mutawala wa Abruzzi kutoka Italia alipanda vilele vyake na kuvichora. Lakini watu walioishi chini yake waliujua tangu zamani pasipo kungoja karatasi.

VII. Mupaka uliochorwa mbele ya kutembea

Mwaka 1885, Mufalme Léopold II alipotangaza mipaka ya Congo yake, upande wa mashariki alichagua mustari wa degre 30 za lonjitudo. Mustari ulionyoka ni rahisi kuchora. Lakini walioandika maneno yale hawakuwa wamekanyaga bonde la Semliki, wala hawakujua Ruwenzori uko pahali gani. Mwaka 1894 Waingereza na Léopold waliutumia tena mustari ule ule katika mapatano yao. Katika mwaka 1907 na 1908 wapimaji wa pande mbili walikuja kuutafuta katika inchi yenyewe. Kilele cha Margherita kiko degre 29 na minuti 52. Kwa hiyo mustari ulipita karibu kilometre 15 mashariki yake, ukikata milima, mito na mashamba. Mwaka 1910, katika mukutano wa Bruxelles, waliuacha kwa upande huu, wakachagua vitu vinavyoonekana kwa macho: muto Lubilia karibu ya Kasindi, kilele cha Margherita, muto Lamia, kisha Semliki mpaka ziwa Albert.

Hata hivyo watu walikuwa hawakuulizwa bado. Banande wa huku na Bakonzo wa ngambo, katika Uganda, lugha yao ni karibu moja, na jamaa nyingi zina ndugu pande zote mbili. Na muto nao si ukuta: katika tambarare ya chini Semliki umehamisha njia yake pahali pengi, na mustari wa karatasi hauwezi kuufuata kila mwaka. Hilo ndilo fundisho la mustari wa degre 30: kosa la kreyo linaweza kudumu miaka mingi katika maisha ya watu.

VIII. Ramani ya parokia

Ramani mbaya inaumiza hata leo. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 ya mwezi wa nane 2018 katika Mangina, kisha ukafika Beni na Butembo, waganga walipashwa kumufuata kila mutu aliyegusana na mugonjwa. Watu wengi wa kujitolea, wengine mbali sana, walitazama picha za satelite na kuchora nyumba na barabara zetu. Ni kazi nzuri. Lakini satelite haisikii majina. Mugonjwa akisema jina la kilima linalojulikana kwa watu wa pale tu, ni mutu wa pale peke yake awezaye kuonyesha mulango. Mpaka mwisho wake, tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020, ugonjwa ule ulishika watu 3470, na kati yao 2287 walikufa. Na tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji katika inchi ya Beni yamefukuza watu wengi sana. Ramani inaweza kuendelea kuonyesha kijiji ambacho watu wake wanalala sasa mbali.

Basi kila parokia ingefaa kuwa na ramani yake, iliyochorwa na watu wake. Namna yake ni hii:

1. Anza pahali panapojulikana, kama kanisa la parokia.

2. Pima hatua zako: hesabu hatua ngapi katika metre 100 za tambarare, ngapi katika mupando. Kisha tembea na kuhesabu.

3. Katika kila kona andika upande unaoelekea, kwa busola ao kwa jua. Simu yenye kutoa pahali inasaidia pia. Ikiandika 0,13 kwa latitudo, zidisha sehemu ile kwa 60: utapata minuti karibu 8.

4. Chagua kipimo. Parokia yenye upana wa kilometre 20 itachukua santimetre 40 kwa 1/50 000.

5. Tia alama chache zilizo wazi: kapela, shule, nyumba ya matunzo, chemchemi, daraja, soko. Eleza maana ya kila alama katika kona ya karatasi.

6. Uliza majina kwa wazee na kwa wamama wanaokwenda shamba. Kilima kikiwa na majina mawili, andika yote mawili.

7. Andika kaskazini, kipimo, mwezi na mwaka. Ramani pasipo tarehe ni kama barua pasipo tarehe.

8. Mupe mutu asiyejua njia, aifuate. Akipotea, rekebisha karatasi, usimulaumu mutu.

Tuongeze neno moja la busara. Kwa sababu ya usalama, julisha wakubwa wa pahali mbele ya kuanza, na usikaribie kambi za askari ukiwa na busola ao simu ya kupima. Usiandike majina ya watu, wala pahali wakimbizi wanapojificha, wala pahali mali inapowekwa. Ramani inamutumikia kila anayeishika.

Waseminari wanaorudi nyumbani wakati wa vakansi wanaweza kuanza kazi hii pamoja na katekista wa kapela yao. Yeye anajua njia, wao wanajua kipimo. Na kila mwaka ramani itazamwe tena: daraja gani limeanguka, shirika gani limezaliwa, kijiji gani kimehama na watu wake wameenda wapi. Kapela isiyoandikwa inasahauliwa upesi siku ya kupanga safari za padri, na walioko kule wanangoja.